Umbali wa Dakika Sita

Wapiga makasia wanaojinoa kwa mashine ndani ya ukumbi hupima muda wa kumaliza mita 2,000, na kwa muda huo hupanga kasi ya mazoezi yanayofuata. Huku Mwankoko, Singida, hatuhitaji mashine hiyo. Njia tambarare ya mita 30, saa, na mhudumu aliye makini vyatosha: mgonjwa wa mapafu hutembea kwa dakika sita, akipumzika anapochoka, na umbali wake huandikwa.

Namba hiyo ikiishia kwenye faili, mgonjwa amechoshwa bure. Aliyetembea mita 360 amekwenda mita 60 kwa dakika. Mazoezi yake yaweza kuanza kwa asilimia 80 ya kasi hiyo, yaani mita 48. Akipimwa tena, alinganishwe na nafsi yake, wala si na jirani (wagonjwa nao hupenda kushindana!). Ongezeko la mita 30 hivi lina uzito. La mita tano huenda ni kukizoea kipimo tu. Maumivu ya kifua yakimshika, asimamishwe papo hapo, hata zikiwa zimesalia sekunde kumi.