Kiti cha Pikipiki na Mvua

Wengi wenu husafiri kwa pikipiki siku mbili au tatu, mama na mtoto nyuma, mizigo juu yake. Leo tuseme juu ya kiti. Jambo dogo, lakini lilitutia aibu.

Katika majira ya mvua tulitoka Kindu kwenda Kasongo, safari ya kilomita zaidi ya 200, pamoja na mama watoto na mtoto mchanga. Tulilala njiani kwa jamaa, na usiku mvua ilinyesha sana. Turubai letu moja tulilifunika gunia la mchele. Pikipiki ilibaki uani. Asubuhi tulipangusa kiti, tukakiona kikavu. Ole wetu! Kabla ya kilomita 10 maji yalipanda kutoka ndani, yakalowesha kitenge cha mama na nguo za mtoto, na upepo ukazidisha baridi. Mama hakunung'unika. Aliuliza tu kama mchele ulikuwa mkavu.

Ndani ya kiti mna sponji, nalo hunywa maji kama godoro. Maji huingia kwa mishono na mipasuko ya ngozi ya juu. Kisha ngozi hiyo hiyo huyazuia yasitoke. Jua hukausha juu tu, na mtu akiketi, uzito wake hukamua yaliyo chini.

Basi, kabla ya safari, fundi afungue ngozi na kutandaza plastiki nzito, isiyo na tundu, juu ya sponji. Jioni, kiti kikiweza kufunguliwa, kilale ndani ya nyumba pamoja nanyi. Kwa pikipiki nyingi ni kazi ya bolti chache. Kisipofunguka, kivisheni mfuko mzima wa plastiki na kuukaza chini kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baisikeli. Kuutandaza juu tu ni bure, upepo utauchukua.

Kikiisha kulowa, kikamueni kwa magoti, kisha kisimamisheni wima maji yashuke. Msikiweke karibu na moto, kwa maana sponji hushika moto upesi. Na kama hakuna wakati, tandikeni plastiki, na juu yake kitambaa kizito kilichofungwa vema, kwa kuwa plastiki peke yake huteleza kwenye mteremko.

Sisi gunia la mchele sasa twalifunika kwa majani ya migomba.