Rais, Waziri Mkuu na Swali la Mtoto wa Madrasa



Ndugu zangu Waislamu, hapa Busia watoto wetu wa madrasa wanatoka pande zote mbili za mpaka. Juzi kijana mmoja wa upande wa Kenya aliniuliza: "Ustadhi, Uganda wana rais na waziri mkuu. Nani mkubwa?" Mwenzake wa Tororo akamjibu kwamba mkubwa ni yule ambaye picha yake iko ukutani. Tulicheka, lakini nahofia ndivyo tunavyojua hata sisi wazazi.

Kazi ni mbili. Mkuu wa nchi ni alama ya dola: hutia saini sheria na kupokea mabalozi. Mkuu wa serikali ndiye anayeendesha mambo, kodi na barabara. Uingereza wamezigawa kati ya mfalme na waziri mkuu, Ujerumani kati ya rais na kansela. Kenya, kwa Katiba ya 2010, zote ni za Rais. Uganda vilevile, kwani waziri mkuu wake huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Ukubwa wake ni wa kuazima.

Mwanzo haikuwa hivyo. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Mzee Kenyatta alikuwa waziri mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Baada ya mwaka mmoja Mzee akawa rais mwenye yote mawili. Uganda walijaribu njia nyingine. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa wa Pili alifanywa rais wa heshima, na serikali ikabaki kwa waziri mkuu Milton Obote. Kisha Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi wakapiga kura watoke Buganda warudi Bunyoro. Rais atie saini. Lakini rais ndiye Kabaka wa Buganda! Angeipunguzaje nchi ya baba zake kwa mkono wake? Alikataa, akasaini Obote. Mwaka 1966 Obote akaisimamisha katiba, jeshi likavamia Lubiri, na Mutesa akakimbilia Uingereza, akafia London 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme na kumpa rais mamlaka yote.

Wengi husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi naona kosa lilikuwa kumvisha mtu mmoja kanzu mbili zinazogombana. Na leo tumerudia: alama ya nchi ndiye huyo huyo mwendesha serikali, basi ukilalamikia bei ya unga unaambiwa huipendi nchi yako.

Sayyidna Abubakar (r.a.) naye alishika yote. Lakini siku aliyopewa ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema, na wamnyooshe akikosea. Hapo ndipo pa kuangalia: nani anaweza kumnyoosha? Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Uganda ukomo wa mihula uliondolewa 2005, na mwisho wa miaka 75 ukaondolewa 2017.

"Na akikataa kunyooshwa?" akauliza yule wa Tororo. Nimewaambia Jumamosi kila mmoja alete kutoka katiba ya nchi yake kifungu kinachoeleza jinsi rais anavyoondolewa. Wazazi, kaeni nao mkitafute, ila msiwaandikie majibu.