NYUMBA TUPU SI MALI YA MWENYE NGUVU

Mtu apitaye katika kambi ya zamani ya mgodi, huku kwetu kati ya Likasi na Kolwezi, si ajabu akaona nyumba mbili zilizojengwa siku moja. Katika ya kwanza jamaa nzima yabanana katika vyumba viwili. Ya pili haina mtu: milango imeng'olewa, mabati yamekwenda, na majani yameota penye kitanda. Jambo hili tumelizoea hata hatuliulizi tena. Leo tunauliza. Nani aliwatoa watu katika nyumba hii, na nani ana haki ya kuingia?

Sababu ya kwanza ni ya tangu ukoloni. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, kwanza ilileta wafanya kazi kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Tangu karibu mwaka 1928 iliona faida kuwaweka pamoja na wake zao na watoto, ikajenga kambi. Nyumba hizo zilikuwa bora kuliko vibanda vya kwanza, hatukatai. Lakini nyumba ilikuwa chombo cha kazi kama sururu. Aliyefukuzwa kazi alirudisha sururu, na alirudisha nyumba.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na Taifa, na kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Bendera ilibadilika, desturi ya nyumba haikubadilika. Basi kampuni ilipougua, kambi nazo ziliugua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikia tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mtu ambaye watoto wake wana njaa ana hiari gani?

Sababu ya pili ni chungu zaidi, nayo hatuwezi kuwatupia Wabelgiji peke yao. Ni chuki ya sisi kwa sisi. Mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakaishi katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Hatukujifunza. Mwaka 1992 ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wengi wao walizaliwa huku, na baba zao waliletwa na kampuni ile ile iliyowaleta wengine wetu. Jamaa nzima zililala stesheni ya Likasi majuma mengi zikingoja gari la moshi, na wako waliofia hapo kwa maradhi. Kakanda iko kati ya miji hiyo miwili. Habari hizo hazikupita mbali na milango yetu.

Waliofukuza walisema, kazi na nyumba zitakuwa zetu. Tutazame walichopata. Mgodi ulipoteza mafundi wa miaka mingi, na shule zilipoteza waalimu. Aliyeingia nyumba ya jirani yake kwa nguvu hakuitengeneza, kwa kuwa alijua moyoni kwamba si yake na kwamba mwenyewe anaweza kurudi. Aling'oa alichoweza kuuza. Na nyingine hazikukaliwa kabisa, zikabaki magofu. Hivi ndivyo wizi ulivyozaa hasara hata kwa mwizi.

Hasara nyingine imeingia katika ardhi yenyewe. Nyumba tupu ikioza, aliyekosa pa kulala hujenga nyingine pembeni ya mji. Atachimba udongo, mara nyingi wa kichuguu, atafyatua matofali, na kuyachoma atakata miti. Msitu wetu wa miombo, ambao tayari wakatwa kila siku kwa ajili ya makala, unalipa tena deni la nyumba ambazo zimekwisha jengwa. Shimo la udongo hubaki wazi, hujaa maji ya mvua, na mbu huzaliana humo. Mfereji wa nyumba isiyo na mtu huziba, na maji yake huingia kwa jirani. Tunakata msitu ili kujenga, huku kuta zilizojengwa zabomoka mbele ya macho yetu. Hiyo si akili ya watu huru.

Wengine watatuambia: Acheni mambo ya kale. Aliyeingia nyumba ile mwaka 1992 sasa ni mzee, na watoto wake wamezaliwa humo. Neno hili si dogo, wala hatutaki kulipuuza. Mtoto hakumfukuza mtu. Kama tukimtupa nje leo, tutakuwa tumefanya nyumba tupu nyingine kwa mkono ule ule. Lakini pia yuko mtoto mwingine, huko Kasai, ambaye baba yake alijenga au alinunua kwa jasho lake, akaondoka na mzigo wa kichwani tu. Haki ya mmoja haifuti haki ya mwingine. Kwa hiyo shauri liamuliwe kwa maneno, kwa ushahidi wa majirani wazee, na kwa malipo. Lisiamuliwe kwa fimbo.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Taifa, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti kilichoandikishwa. Ni wangapi kati yetu wana cheti hicho? Asiye na karatasi hutolewa na ye yote mwenye kelele.

Basi tunadai mambo manne. Kwanza, kila mtaa uwe na daftari la nyumba zilizo tupu, lisomwe hadharani, na jina la mwenye nyumba liandikwe kama lajulikana. Pili, nyumba tupu iliyo nzima ipangishwe kwa bei nafuu na kwa mkataba ulioandikwa, kodi iwekwe kwa ajili ya mwenyewe au warithi wake, na mpangaji apewe kazi ya kuitengeneza. Tatu, aliyekaa kwa haki asaidiwe kupata cheti kwa gharama awezayo kulipa. Nne, kampuni yo yote ijayo kuchimba shaba na kobalti yetu iseme tangu mwanzo, kwa maandishi, nyumba za wafanya kazi zitakuwa za nani siku mgodi utakapofungwa. Maana kila mgodi una siku yake ya kufungwa.

Hayo ni madai kwa wakubwa. Linabaki neno kwa wanachama wetu, nalo ni gumu zaidi. Kama yuko mwanachama anayekaa katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya kabila lake, asingoje serikali. Amtafute mwenye nyumba, au jamaa zake, wapatane. Hatuwezi kusimama mkutanoni kudai haki kwa mabwana wakubwa, kisha jioni turudi kulala chini ya bati la jirani tuliyemwondoa. Wakoloni walitufundisha kwamba nyumba ya Mwafrika ni ya kuazimwa. Tulikataa neno hilo lilipotoka kwao. Tulikatae na likitoka kwetu.