Tumewachagua, Sasa Watusomee Hesabu

Tarehe 25 Agosti 2025 sisi Waburundi tulimaliza msimu mrefu wa kura. Juni 5 tuliwachagua wabunge na mabaraza ya komini kwa siku moja. Julai wakapatikana maseneta, kwa kura za wajumbe wa mabaraza ya komini. Agosti ikawa zamu ya vilima na mitaa. Wengi wetu tuliichukulia kura hii ya mwisho kuwa ya kitoto. Wapo walioenda shamba, wapo waliolala, na wapo waliopiga kwa sababu tu shemeji yao alikuwa mgombea.

Mimi nasema ndiyo iliyokuwa kubwa kwetu sisi watu wa Rumonge, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwenye komini unachagua orodha iliyokwisha kupangwa na chama, na jina la nne au la saba katika orodha hiyo huenda hulijui. Kwenye kilima na mtaa mgombea husimama peke yake, bila chama, mbele ya watu wanaojua deni lake dukani na namna anavyoishi na mkewe. Wanaoshinda ni watano, na aliyewazidi wenzake kwa kura ndiye anayekuwa mkuu. Hakuna kiongozi mwingine nchini tunayemjua kwa undani kiasi hicho, na kwa hiyo hakuna mwingine tunayeweza kumuuliza kwa urahisi kiasi hicho.

Tuliwauliza nini? Maneno ya wagombea tunayajua wote: umeme usiokatika, bandari ya kisasa, barabara, viwanda vya mawese. Ni mambo mazuri, na mengi hayamo katika uwezo wa mjumbe wa mtaa. Barabara ya Rumonge kwenda Gitaza, kilomita 45, imehitaji fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Haikungoja ahadi ya mtu wa mitaa yetu ya Birimba au Kanyenkoko. Mgombea anayeahidi bandari anaahidi mali ya mwenzake. Tunampigia makofi, tunarudi nyumbani, na hatukumuuliza lile moja analoweza kulifanya kesho asubuhi: je, utatusomea hesabu ya ushuru unaotozwa hapa kwetu?

Tazameni ramani mpya, mtaona kwa nini swali hilo limekuwa zito. Sheria ya Machi 2023, iliyoanza kutekelezwa kwa uchaguzi wa 2025, imepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa Rumonge, uliozaliwa Machi 2015, umezikwa una miaka kumi. Sasa tuko Burunga, na makao makuu yako Makamba, huko juu milimani. Wenzetu wa Muhuta wamepelekwa mkoa wa Bujumbura. Burambi na Buyengero zilizokuwa komini zenye wakuu wao zimeingizwa ndani ya komini ya Rumonge. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana nchi maskini haiwezi kulisha ofisi mia na ushee. Lakini komini ikipanuka, mkuu wake huwa mbali, na mtu wa Buyengero mwenye shida ya karatasi moja atashuka mlima mzima kuitafuta. Aliyebaki karibu ni mjumbe wa kilima. Zamani tungeweza kumruka na kwenda komini. Sasa tukimruka tunaangukia njiani.

Tabia hii ya kutazama juu si ya leo. Miongoni mwa kura za kwanza za Waburundi ilikuwa kura ya komini, mwishoni mwa 1960, Mbelgiji angali madarakani na Mwanamfalme Louis Rwagasore akiwa amezuiliwa asiende kuhutubia watu wake. Chama chake, UPRONA, kilishindwa, na chama cha PDC kikatamba. Mwaka haukupita, Septemba 18, 1961, UPRONA ile ile ikachukua viti 58 kati ya 64 vya bunge, na Oktoba 13 Rwagasore akauawa kwa risasi pale Usumbura, Bujumbura ya leo. Kila Oktoba tunaweka mashada ya maua, na ni haki yake. Lakini muulize mzee yeyote wa mwambao akutajie diwani mmoja wa mwaka 1960. Hata wanaosoma historia chuoni watababaika. Tulijifunza tangu mwanzo kwamba kura ya chini ni jaribio na kura ya juu ndiyo kura, ilhali Rwagasore mwenyewe hakuanzia juu: mwaka 1957 alianza na vyama vya ushirika vya wafanyabiashara, na Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Alijua fedha ndogo za watu wengi zina nguvu gani zikiandikwa vizuri.

Basi twendeni zinapopita fedha hizo ndogo. Nendeni ufukoni alfajiri, mitumbwi inaporudi na taa zake. Ndagala zinamwagwa mabesenini, bei inapatanwa kwa makelele, mama mwenye mtaji wa beseni mbili anabanana na tajiri mwenye gari la kwenda Bujumbura. Anapita mtoza ushuru. Kitabu chake cha risiti kina karatasi mbili kwa kila namba: moja huchanwa akapewa mlipaji, ya pili hubaki kitabuni, nayo ndiyo shahidi mbele ya mhasibu. Sasa angalieni mkono wake. Akichana karatasi, fedha imeingia komini. Akisema kwa sauti ya chini, "Mama, toa nusu tu, tuachane na karatasi," mama amefurahi, mtoza ushuru amefurahi, na choo cha ufukoni hakitajengwa. Mwezi unaofuata mama yule yule ataingia majini kujisaidia kabla hakujapambazuka, hatua chache kutoka pale binti yake anapochota maji ya kupikia. Halafu kipindupindu kikirudi Rumonge, kama ilivyo desturi yake, tutasema ni mipango ya Mungu.

Sisemi kila mtoza ushuru ni mwizi, wala simnyooshei mtu kidole. Nasema wizi wa nusu bei una watu wawili, na mmoja wao ni sisi. Mambo ni hayo hayo kwenye madumu ya mawese sokoni na kwenye magunia yanayopakiwa kwenda Kongo. Mwananchi anayenunua punguzo la ushuru ameuza haki yake ya kuuliza, maana atasimamaje mkutanoni kudai hesabu ya fedha ambayo hakuilipa?

Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Kigoma tunaogawana nao ziwa na lugha, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Mwanakijiji wa kawaida kule husema "hatujasomewa mapato na matumizi" bila kutetemeka, kama mtu anavyodai chenji yake dukani. Wapo wenyeviti wanaokwepa, tena wengi, lakini wakikwepa wanajulikana kuwa wamekwepa, na hilo si dogo. Tanzania nayo ilifika hapo kwa kujikwaa. Mwaka 1972 iliyavunja mabaraza ya wilaya ili kazi zote zifanywe na watumishi wa serikali, na hayakurudi mpaka 1984. Mwalimu Nyerere alikiri mwenyewe kwamba kama angeanza upya, kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo asiyoyarudia. Mtu aliyejenga taifa alisema hivyo akiwa bado Ikulu. Sisi tunaona haya kumuuliza jirani.

Wala msidhani nazungumzia visenti vya beseni peke yake. Miaka ya karibuni serikali ilitenga faranga milioni 500 kwa kila komini kila mwaka. Kwa komini zile 119 ni bilioni 59 na nusu. Ushirika wa Sangwe wa kila kilima ulipewa milioni 10 za kuanzia. Ni fedha za kujengea darasa, kununulia mashine ya kukamulia mawese, kuchimbia mtaro. Mjumbe wa mtaa hazishiki mkononi, kweli, lakini darasa linajengwa kwenye kilima chake. Anaona mifuko ya saruji ikishushwa na anaweza kuihesabu. Anaona usiku gari likirudi kuchukua baadhi yake. Akinyamaza, mkaguzi atakayekuja mwakani na kalamu yake atakuta ukuta umeshapakwa rangi.

Kuna kazi nyingine ya mjumbe ambayo haina makofi kabisa, nayo ni kukataa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika kuwa ardhi isiyojengwa. Kila mtu hapa anaijua, na kila mtu anamjua aliyejenga ndani yake. Kisha ziwa likapanda, mwaka baada ya mwaka, tukaona nyumba za Birimba zikiingiliwa na maji, milango ikibebwa, familia zikihamia kwa jamaa. Tulilia kana kwamba ni jambo jipya. Ziwa hili lina kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Katika karne ya 19 mdomo wa mto Lukuga, maji ya ziwa yanapotokea pale Kalemie, uliziba kwa matope na majani, maji yakajaa. Miaka ya 1870 ilipokuwa ikiisha ukazibuka, yakashuka mita kadhaa. Katika miaka ya 1960 yakapanda tena, na wazee waliokuwa vijana wakati ule wapo, wanaweza kukuonyesha yalipofika. Mchanga uliokauka kati ya mara moja na nyingine ni wa ziwa, limeuacha kwa muda tu. Mjumbe anayempa rafiki yake kiwanja pale hamsaidii. Angemwambia "hapana, bwana," urafiki ungepoa mwaka mmoja, nyumba ingebaki miaka thelathini.

Na ardhi ya juu, ya michikichi, ndiyo yenye majeraha. Mwaka 1972 watu wa Rumonge na Nyanza-Lac waliyakimbia mauaji, wakaenda Tanzania, wakalelewa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mashamba yao wengine waliyakalia, mengine yakawa ya miradi ya michikichi ya serikali. Waliporudi walikuta mjukuu wa aliyepewa naye amezaliwa pale pale na hana kwingine. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006, ikahukumu, hukumu zake zikapinduliwa, ikahukumu tena, na muda wake ukaisha. Kesi hazikuisha. Leo ugomvi wa mpaka wa shamba huwafikia pia watu watano wa kilima: nao ni miongoni mwa wanaoulizwa mti ule ulipandwa na nani. Neno lao likinunuliwa kwa kreti ya bia, jeraha la miaka hamsini linafunguliwa upya. Bashingantahe, wazee waamuzi wa zamani, walipogonga fimbo chini kabla ya kusema, kila mtu alijua wanajifunga kwa walichokisema. Mjumbe wa leo hana fimbo. Basi aandike: tarehe, majina ya waliotoa ushahidi, maneno yao, na sahihi au alama ya kidole ya kila mmoja, katika daftari ambalo halilali nyumbani kwake.

Najua mtakavyonijibu. Wajumbe mtasema, "Mzee, sheria haikutupa mamlaka juu ya fedha za komini." Sawa. Lakini hakuna sheria inayowakataza kuuliza, wala inayomkataza mkuu wa komini kuwajibu. Andikeni barua, mweke nakala. Msipojibiwa, tuambieni kwamba hamkujibiwa. Na wananchi mtasema lile linalosemwa kwa kunong'ona zaidi, kwamba mwenye kuuliza ataitwa mpinzani. Hofu hiyo ina sababu zake katika nchi hii, na sitaicheka. Ndiyo maana ninaiweka kazi hii mikononi mwa watu watano pamoja, waliosimama bila chama na kuchaguliwa na watu wa vyama vyote. Mmoja akiuliza ni rahisi kumpa jina. Watano wakiuliza pamoja, kwa barua moja, juu ya ushuru wa ndagala, itakuwa vigumu kuwageuza wote kuwa wanasiasa.

Wala hatuhitaji kuitisha mkutano mpya wala kukodi viti. Tunayo tayari Jumamosi ya kazi za pamoja, tunapotoka na majembe kufyeka na kuzibua mitaro. Mara moja kila miezi mitatu, majembe yakiwekwa chini na kabla watu hawajatawanyika, mkuu wa mtaa asimame na karatasi. Asome: ushuru wa ufuko kwa miezi hii, kadiri alivyopewa na komini, ni kiasi hiki, wa soko, kiasi hiki, kilichorudi kwetu, kiasi hiki, nacho kimefanya kazi hii. Pale asipopewa hesabu, asome "sikupewa". Asome kwa Kirundi na kwa Kiswahili, maana sokoni kwetu zote mbili zinahesabia fedha. Halafu karatasi hiyo ibandikwe penye kivuli, mvua isiifikie, na nakala yake wakabidhiwe wale akina mama wanaoanika ndagala. Wao wanajua kila alfajiri mitumbwi mingapi imeshusha, na wataona mara moja kama hesabu imepungua.