Maoni Yetu: Mawazo yanawazeesha watu wa Minova

Sokoni Minova, mama wa miaka 40 huitwa nyanya na watu wasiomjua. Wengi husema ni jua na jembe. Jua na jembe vina sehemu yao, lakini mawazo yanakula zaidi, na wakati umefika yatibiwe kama ugonjwa mwingine wowote.

Tunajua yanatoka wapi. Novemba 2012, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma walibaka wanawake na wasichana hapa Minova. Mahakama ya kijeshi ilipotoa hukumu Mei 2014, kati ya washtakiwa 39 ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Oktoba 2024 boti iliyotoka hapa ikazama karibu na Goma, ikaua watu wengi. Januari 2025 M23 wakaiteka Minova yenyewe.

Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio na sukari ikapanda katika damu. Kwa dakika chache hiyo ni kinga. Hofu ikikaa miaka, presha hupanda, usingizi hukatika na mwili hushindwa kujilinda. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn, huko Marekani, walipima damu ya akina mama, wengi wao wakilea watoto wenye magonjwa ya kudumu. Wale waliolemewa zaidi, seli zao zilionekana kuzeeka kwa miaka kumi au zaidi kuliko za waliokuwa na nafuu. Na hapa karibu, Goma, utafiti uliotolewa mwaka 2012 juu ya akina mama 25 na vichanga vyao ulikuta mateso ya mama yakiendana na uzito mdogo wa mtoto na alama katika jeni zake.

Kumwambia mtu aliyelemewa na mawazo "usiwaze sana" ni kumwacha peke yake. Apumue polepole jioni, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Apunguze kasiksi, maana pombe huleta usingizi kisha huuvunja usiku wa manane. Asiache kikundi cha akiba cha likilimba wala kwaya hata pesa na sauti zikipungua, kwa sababu huko ndiko anakoulizwa habari zake na watu wanaosubiri jibu.

Lakini kuna mzigo usiobebeka nyumbani. Hospitali ya Panzi, Bukavu, imeonyesha kwamba kidonda cha mwili na cha moyo hutibiwa pamoja. Wagonjwa wa Minova wasingoje kusafirishwa mpaka huko. Kila kituo cha afya kimpime presha mtu mzima yeyote anayeingia, hata kama amekuja kwa malaria, na kiwe na msikilizaji aliyefundishwa, wa kudumu, asiyeondoka mradi ukifungwa. Mashine ya presha si ghali. Mshahara wa msikilizaji ndio unaohitaji bajeti, na anayekusanya kodi Minova, awe nani, ndiye wa kuulizwa.