Mwanao ughaibuni ahame mtaa wa 'wageni'?

Mama mmoja alinipigia simu wiki iliyopita, sauti yake imejaa wasiwasi. Mwanawe anaishi Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, na mkewe na watoto wawili. Sasa anataka kuhamia mtaa wa Waswidi, ingawa kodi ya huko itakula karibu nusu ya mshahara wake. "Anasema watoto wataharibika wakikulia kwa wageni wenzao. Nimshauri nini?"

Wasiwasi wa kijana huyo una msingi. Rinkeby, kama Tensta jirani yake na Rosengård ya jiji la Malmö, ilijengwa wakati serikali ya Uswidi ilipoamua kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Kadiri miaka ilivyopita, Waswidi wengi wenye uwezo walihamia kwingine na wageni wakachukua nafasi zao. Ukipanda treni, katikati ya jiji unafika chini ya nusu saa. Kipato cha huku na cha kule, hata hivyo, vimepishana sana.

Lakini tujiulize: kuishi na wenzetu ndiko kunakotuletea umaskini, au umaskini ndio unaotusukuma kuishi pamoja? Maana anayefika bila kitu ndiye anayekimbilia kwa ndugu.

Uswidi yenyewe ilitoa jibu bila kukusudia. Kuanzia 1985 hadi 1994, serikali iliwapangia wakimbizi manispaa za kuishi badala ya kuwaacha wachague. Watafiti Edin, Fredriksson na Åslund walifuatilia vipato vyao, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona. Wageni wenye elimu ndogo waliopangwa karibu na wenzao wengi walipata kipato kikubwa zaidi, si kidogo. Tunaweza kuelewa kwa nini: mwenzako ndiye anayekunong'oneza kazi iko wapi na fomu inajazwaje.

Hata hivyo, faida haikuwa sawa kwa wote. Waliotoka katika jamii zenye kipato kizuri walinufaika zaidi kuliko wa jamii maskini. Mwaka 2011 watafiti hao, pamoja na Grönqvist, waliangalia watoto. Alama za shule zilipanda pale ambapo mtaa ulikuwa na watu wazima wengi wa asili yao waliosoma sana. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionekana.

Kwa hiyo, mama, usimuulize mwanao kama majirani zake ni wageni. Muulize ni wageni gani. Jioni watoto wanakutana na nani kwenye ngazi: muuguzi, mwalimu, kijana wa chuo kikuu, au vijana wasio na shughuli? Kiswidi chao kinakwendaje? Tena mkumbushe kwamba Uswidi tangu miaka ya 1990 mzazi anaweza kuomba shule iliyo nje ya mtaa wake. Wakati mwingine kubadili shule kunatosha, bila kubadili nyumba.

Afanye pia hesabu ya saa, si ya fedha tu. Kama kodi mpya itamlazimisha kutafuta kazi ya pili usiku, watoto watapata mtaa mzuri na kumkosa baba. Lakini kama mtaa hauna usalama na shule nzuri haifikiki, ahame, hata kama kwa muda hataweza kutuma fedha nyumbani.

Hapo ndipo zamu yetu wazazi tuliobaki. Tumezoea kusema "fulani yuko Ulaya na kajenga, wewe je?" Ughaibuni hakuna kipato kimoja. Wawili waliopanda ndege moja wanaweza kuishi maisha mawili tofauti kabisa. Jumapili hii ukimpigia mwanao, kabla ya kuuliza habari ya fedha, uliza wajukuu wanacheza na nani.