Uwatu, Lehemu na Upana wa Neno "Dawa"

Katika maduka ya viungo yaliyo jirani na Marikiti, kisiwani Mombasa, uwatu huuzwa kwa kupimwa, kando ya iliki na bizari. Wenyeji wa Mji wa Kale wameutumia tangu zamani. Mzazi hupikiwa uji wa uwatu ili maziwa yapate kushuka. Siku hizi mbegu hizo hizo hununuliwa pia na watu walioambiwa kwamba damu yao ina lehemu nyingi. Huziroweka usiku, wakanywa maji yake asubuhi. Je, wanajidanganya?

La hasha. Mbegu ya uwatu ikilowa hutoa utelezi. Utelezi huo hunasa asidi za nyongo utumboni, zikatoka pamoja na choo. Ini hulazimika kuunda nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo huchotwa katika damu. Hivyo lehemu hupungua, japo kwa kiasi. Neno lenyewe, ambalo fundi wa bati hulijua kuwa ni madini ya kuungia, halikuchaguliwa vibaya: mwili huihitaji dutu hii katika tando za seli zake, na ini huiunda lenyewe. Wanaoiona kuwa ni uchafu tu ndio wanaopotoka.

Tatizo hasa limo katika neno "dawa". Uwatu ni dawa. Kidonge cha statini nacho ni dawa. Lakini lovastatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hutokana na kuvu, hupimwa kwa miligramu, na huzuia lehemu isiundwe kwa wingi ndani ya ini. Gilasi ya uwatu haina kipimo kama hicho. Mgonjwa anayeambiwa "hii nayo ni dawa" aweza kuviacha vidonge vyake, asijue kwamba amebadilisha kitu kwa kisicho sawa nacho. Mwenye kisukari ana hatari zaidi, kwa kuwa uwatu hushusha sukari pia.

Wanaistilahi wamelishughulikia zaidi jina la ugonjwa kuliko jina la tiba. Hata "dondoo", neno linalotumiwa kwa kinachokamuliwa mmeani, kwa mwanafunzi wa fasihi ni kifungu cha mtihani! Mbegu nzima, unga wake na dondoo lake havina nguvu moja, na muuzaji hana budi kuvitaja mbalimbali.

Tena gilasi hiyo ya asubuhi mara nyingi hufuatiwa na mahamri kwa mbaazi za nazi.